Ripoti ya kinyama cha bi mkubwa inasema gredi 2, dokta kaandika steji 2B, nani yuko sahihi?

Msichana_wa_Kimara

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naombeni msaada maana kichwa changu kimegoma na nyumbani kila mtu anajua lake.

Bi mkubwa wangu ana miaka 58, hedhi alishakoma kama miaka saba hivi. Mwezi wa tatu akaanza kutokwa na damu kidogo kidogo, hakusema, si mnawajua wamama wa zamani, mi niligundua kwa sababu ya khanga alizokuwa anafua usiku wakati kila mtu kalala. Nikampeleka zahanati hapa jirani akapewa dawa za UTI, damu haikukata, akarudi akapewa tena za UTI na sindano za siku tano juu, mara ya tatu ndo nikasema hapana. Tukaenda hospitali moja ya binafsi, dokta wa akina mama akampima kwa kile chuma, akanyamaza, akasema mama hapa nachukua kinyama. Kile kinyama akakitia kwenye kikopo chenye dawa inanuka mpaka macho yananichonyota, tukalipa, tukaambiwa wiki mbili.

Wiki mbili zikawa nne. Kila nikipiga simu dada wa mapokezi ananijibu "bado iko kwa patholojisti". Huyo patholojisti sijawahi kumuona, sijui ni mwanaume au mwanamke, na mama yangu naye hajamuona, ila ndo kashika kila kitu.

Majibu yametoka Jumanne. Karatasi moja tu, kizungu kitupu. Nilichoambulia ni kansa ya shingo ya kizazi aina ya skwamasi, inayovamia, gredi 2. Dokta akampima tena kwa mkono, mbele na nyuma, mama alilia siku hiyo, alafu akaandika steji 2B na rufaa ya kwenda Ocean Road, ile hospitali ya kansa. Sasa mjomba kashika ile ripoti anasema mbona hapa ni 2 tu, hiyo B dokta kaitoa wapi, wanatafuta hela. Alafu dokta huyohuyo anasema niende na slaidi na bloku zikasomwe upya na mtu mwingine kabla ya mionzi. Yaani mwezi mzima nimesubiri alafu zisomwe upya? Sa huyo wa kwanza alikuwa anafanya nini? Na huo ugonjwa si unazidi kutembea wakati karatasi zinazunguka mjini?

Bloku zenyewe nimeenda kuomba nimeambiwa hazitoki, ni mali ya hospitali. Hata sijui bloku ni nini.

---

Kijana_wa_Tandale

Pole sana dada. Sina utaalamu nakaa hapa nasoma. Ila mjomba wa aina hiyo kila ukoo unaye.

---

Fundi_Nta

Pole dada yangu, hapo kwenye bloku umenigusa maana ndo kazi yangu, mi ni mtu wa maabara upande wa histo, yaani tunaoandaa vinyama visomwe, hapa hapa Dar, mwaka wa tisa sasa hivi. Ngoja nikusimulie kinyama kinapitia wapi ili ujue zile wiki zinaenda wapi, sio zote ni uzembe, japo uzembe upo na nitausema.

Hiyo dawa iliyokuchonyota macho ni formalini. Kazi yake ni kuzuia kinyama kisioze. Nyama ikishatoka mwilini inaanza kujila yenyewe kama samaki wa Feri aliyeachwa bila barafu, kwaio inatakiwa izame kwenye formalini ya kutosha, sio kuloweshwa juu juu, ikae angalau saa sita, mara nyingi inalala humo. Ikifika kwetu tunaipima, tunaandika ukubwa, rangi, vipande vingapi, tunaifunga kwenye kaseti ndogo ya plastiki yenye namba. Usiku mashine inaipitisha kwenye alkoholi kuitoa maji yote, alafu kwenye zailini, alafu nta ya moto. Asubuhi tunaimwagia nta tena kwenye kikalibu, ikiganda ndo bloku yenyewe hiyo: kipande cha nta ukubwa wa kiberiti kilichokatwa nusu, na katikati unaona kidoa cha nyama ya mama yako. Basi. Hakina maajabu ila hicho ndo ushahidi pekee uliopo duniani kwamba ana kansa na ni kansa ya aina gani, kwaio wakiwa wagumu kukitoa usishangae sana.

Kutoka hapo kuna mashine ya kukatia, maikrotomu, kisu chake usijaribu kukigusa. Tunakata vipande vya maikroni tatu nne. Maikroni nne ina maana ukipanga vipande 250 ndo unapata unene wa milimita moja. Kinatoka kama utepe, ukipumua kwa nguvu kinaruka, feni ikiwashwa kosa ni lako. Unakitandaza juu ya maji ya uvuguvugu kinajikunjua chenyewe, unakizoa kwa kioo (ndo slaidi hiyo), unakausha, unatia rangi. Rangi ni mbili, moja inapaka kiini cha seli kwa zambarau ya kuingia bluu, nyingine inapaka kilichobaki kwa waridi. Ile ya zambarau inatokana na mbao ya moyo wa mti fulani wa Amerika ya Kati, mpaka leo, watu wanadhani kila kitu maabara ni kompyuta.

Kazi yangu inaishia hapo. Kioo kinapelekwa kwa patholojisti, daktari wa maikroskopu, yeye ndo anasoma.

Kwaio kwa siku za kazi kinyama kidogo kinaweza kutoka ndani ya wiki moja kama kila kitu kipo. Shida inaanza dawa zikiisha, au mashine moja ikilala, au hospitali ndogo ambayo haina patholojisti inasubiri vinyama vifike ishirini ndo itume boda avipeleke mjini. Na patholojisti ni wachache nchi hii, mmoja anasoma vya hospitali nyingi. Ukiambiwa "bado iko kwa patholojisti" nusu ya mara hizo bado iko kwenye kabati la aliyekuambia.

Uzembe niliouona kwa macho yangu: mwaka juzi tuliletewa kinyama cha shingo ya kizazi kutoka kituo kimoja, kimewekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na ndani ni maji ya dripu. Kimesafiri siku tatu kwenye joto hili. Nilipofungua nikajua. Tulikikata hivohivo, patholojisti akaangalia akaandika hakisomeki, chukueni kingine. Yule mama alikuwa anatoka Mkuranga, sijui kama alirudi. Fomu yenyewe ilikuwa imeandikwa jina na neno moja tu, "kinyama". Hawajaandika umri, wala kimetolewa wapi, wala dokta aliona nini. Unamtaka mtu asome kioo kama anapiga ramli?

Kuhusu kuzipata, usigombane na mapokezi, hawana mamlaka. Omba barua kwa dokta aliyetoa rufaa ionyeshe zinapelekwa wapi na kwanini, peleka maabara yenyewe sio mapokezi, utasaini kwenye kitabu. Kutunza wanatunza kweli, lakini mgonjwa akihamia kwingine zinamfuata. Na uchukue bloku pamoja na vioo, usikubali vioo peke yake, maana kwenye kioo huwezi kuongeza kipimo kingine bila kukata tena.

---

Kioo_na_Lenzi

Fundi umemaliza, heshima yako. Mi niko upande wa pili wa hicho kioo, ndo hao "patholojisti" ambao dada hajawahi kutuona, na kweli hatuonekani, hata baadhi ya ndugu zangu wanadhani nafanya kazi mochwari tu.

Msichana wa Kimara pole sana kwa mama. Nianze na mjomba maana naona ndo anakuumiza kichwa. Gredi na steji ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa bahati mbaya vyote vinaandikwa kwa namba. Mwambie hivi: mwizi kaingia kwenye nyumba. Gredi ni tabia yake, ni kibaka wa simu au ni wa panga. Steji ni amefika chumba gani. Mimi kwenye kioo nikiona seli bado zinafanana fanana na seli za kawaida naandika gredi 1, zikiwa zimevurugika kiasi 2, zikiwa zimepoteza sura kabisa 3. Kwa kansa hii ya skwamasi, yaani ya zile seli bapa za ngozi ya juu, hiyo gredi kusema ukweli haibadilishi sana matibabu, tunaiandika lakini hakuna dokta atakayepanga mionzi kwa kuangalia gredi. Steji ndo inapanga.

Na steji ya mama yako mimi nisingeweza kuiandika hata ningetaka. Kinyama nilicholetewa ni cha ukubwa wa punje ya mchele, labda ya harage. Ndani ya hiyo punje naweza kuapa kuna kansa, lakini siwezi kujua nje yake imefika wapi. Hiyo B ya dokta imetoka kwenye vidole vyake. Ndo maana alipima mbele na nyuma, kidole kinachopita nyuma ndo kinafika kwenye nyama za pembeni zinazoshikilia kizazi, zikiwa laini ni salama, zikiwa ngumu zimevutwa upande mmoja ujue kansa imeshatoka kwenye shingo imeingia humo, na hiyo ndo maana ya 2B. Ingekuwa imeshuka ukeni sehemu ya juu tu bila kugusa pembeni ingekuwa 2A. Ikifika theluthi ya chini ya uke ni 3A, ikifika ukuta wa nyonga au ikibana mrija wa mkojo mpaka figo ikavimba ni 3B, ikiingia kibofu au njia ya haja kubwa ni 4A, ikienda mapafu, ini, huko mbali, 4B. Kwaio dokta hajaongeza B ili ale hela, amefanya kazi ambayo ripoti haiwezi kufanya. Mwombeeni na altrasaundi ya figo kama bado, hicho ni kipimo cha bei ya kawaida na kinaweza kuhamisha steji.

Sasa nisije nikaonekana najishusha sana. Kuna mambo hapa ni ya kwangu na hakuna mwingine wa kuyafanya.

Kwanza ni kansa au sio. Sio kila kidonda cha shingo ni kansa, kuna kichocho, kuna TB, kuna michubuko tu. Alafu kuna yale mabadiliko ya kabla ya kansa, seli zimeshaharibika lakini bado ziko juu ya ule utando mwembamba unaotenganisha ngozi ya juu na nyama ya chini. Huo utando ndo mpaka. Seli zikiwa juu yake mtu anatolewa kipande kidogo anarudi nyumbani. Zikiutoboa, hata kwa kichipukizi kimoja, jina linabadilika, inakuwa "inayovamia". Kuna siku nakaa na kioo kimoja dakika arobaini, naomba fundi akate tena chini zaidi, naita mwenzangu aangalie, kwa sababu ya hicho kichipukizi kimoja. Ndo wakati dada wa mapokezi anakujibu "bado iko kwa patholojisti", na siku hiyo anakuwa amesema kweli.

Pili ni kansa ya aina gani na imetoka wapi, na hapa kwa mama yako ni muhimu kuliko mnavyodhani. Mama aliyekoma hedhi akitokwa na damu, damu inaweza kuwa inatoka kwenye shingo au juu zaidi ndani ya mji wa mimba. Hizo ni kansa mbili tofauti, na matibabu yake yanatofautiana, moja mara nyingi inaanza na kisu, nyingine ikishafika 2B inaenda kwenye mionzi na kemo. Ikiwa skwamasi iliyokomaa naiona kirahisi, kuna viduara vya waridi vimejizungusha kama kitunguu ulichokikata katikati, ukikiona hicho unajua uko wapi. Ikiwa ya tezi, yaani ya zile seli zinazotoa ute, ndo inasumbua, ya shingo na ya juu zinafanana, hapo ndo tunaomba vipimo vya ziada vya kupaka rangi ya kahawia, kuna kinaitwa p16, kikiwaka kahawia zito kwenye seli zote za kansa kinaelekeza kwamba nyuma yake kuna kirusi cha HPV. Tangu mwaka 2020 mgawanyo wa WHO wenyewe unazitenganisha kansa hizi kwa zile za HPV na zile zisizo za HPV, maana zisizo za HPV zina tabia mbaya zaidi. Alafu kuna ile ya seli ndogo ndogo, adimu, ila ikikupita ukaiita skwamasi umempa mtu matibabu yasiyo yake.

Ndo sababu ya kusoma upya. Wala haina maana yule wa kwanza kakosea. Mionzi haifutiki, ukishampa mtu umempa. Kwaio wanaompa wanataka macho yao wenyewe yaone kile kioo kwanza, hata mimi vyangu vinasomwa upya kwingine na sinuni. Mara nyingi majibu yanarudi vilevile. Mara chache hayarudi vilevile, na kwa hizo chache inalipa.

Kuhusu ugonjwa kutembea: wiki moja mbili za kusoma upya sio za kukukosesha usingizi, ila zisigeuke miezi. Mambo mengine endeleeni nayo, damu, figo, picha, msisubiri yamalizike moja moja. Na akitokwa damu nyingi ghafla hiyo ni dharura, mkimbizeni siku hiyohiyo.

---

Msichana_wa_Kimara

Dokta Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Ya mwizi nimemsomea mjomba kwa sauti, kakaa kimya, alafu kauliza "kwaio wetu ni wa panga au wa simu", nikamwambia katikati, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Ila hapo nimebaki na swali. Kama steji ni vidole na picha, kuna watu nasikia steji yao imesemwa na maabara. Inakuwaje?

---

Mama_Wawili

Huyo ni mimi hapa. Nilikuwa napita tu sikutaka kuandika ila basi.

Mimi ni mteja wa CTC, kliniki ya wenye VVU, natumia dawa tangu 2014, na kule kliniki ukifika wanakusisitiza upime shingo ya kizazi kwa sababu sisi hatari yetu ni kubwa, wanasema mara sita ya mwanamke asiye na maambukizi. Nilikuwa na miaka 36, siumwi popote, sitokwi chochote. Nesi akapaka siki, ile ile ya kawaida imechanganywa, tukasubiri dakika moja, akaniambia dada hapa pamekuwa peupe na ni pakubwa, hapa hatugandishi kwa baridi, utaenda kukatwa kipande. Nikakatwa kwa ule waya wa umeme, sindano ya ganzi, dakika chache tu, kuna harufu ya kuungua ambayo mpaka leo nyama choma ikiungua naondoka mezani.

Kitu nilichokiona nikiwa nimelala pale, dokta alikishika kile kipande kwa koleo akakishona uzi mweusi upande mmoja. Nikamuuliza ushone wa nini na umeshakikata? Akasema huu uzi ni saa kumi na mbili ya saa ya ukutani, ili wa maabara ajue juu ni wapi, maana kikiwa mezani kwake ni kama andazi, hakina juu wala chini.

Majibu yakaja: mabadiliko makali, na sehemu moja imevamia kwa kina cha milimita 2, kingo zote safi, haijaingia kwenye mishipa. Steji IA1. Yaani kansa, kansa kabisa, ambayo dokta asingeiona kwa macho wala kuigusa kwa kidole. Na kwa sababu ya ile milimita mbili na zile kingo safi nikaambiwa kile kipande kilichokatwa ndo matibabu yenyewe, kizazi kimebaki. Wa pili wangu amezaliwa baada ya hapo. Narudi kuangaliwa kila nikipangiwa, sikosi.

---

Kioo_na_Lenzi

Mama Wawili asante, umenipunguzia maneno na umeeleza vizuri kuliko mwalimu wangu.

Ndo hivo Msichana wa Kimara. Kansa ikiwa kubwa steji ni ya vidole na picha, ikiwa ndogo kiasi cha kutoonekana steji ni ya maikroskopu peke yake. Tunapima kina kwa rula iliyo ndani ya lenzi: mpaka milimita 3 ni IA1, ikizidi hapo mpaka 5 ni IA2, ikizidi 5 ni IB, hapo sasa tunagawa kwa ukubwa wa uvimbe, sentimita 2, sentimita 4. Zamani na upana ulihesabiwa, FIGO, lile shirikisho la kimataifa la madaktari wa akina mama, waliutoa mwaka 2018. Na mwaka huohuo ndo waliruhusu rasmi picha na patholojia vitumike kupanga steji zote, kabla ya hapo ilikuwa zaidi ni mkono wa dokta. Wakaongeza na 3C, kwa ajili ya tezi za limfu. Kwaio mama yako leo ni 2B, lakini CT skani au MRI ikionyesha tezi za nyonga zimeshikwa atahamia 3C1, mtaona kuna herufi ndogo r pembeni, maana yake imeonekana kwa picha, ikiwa p ujue kuna patholojisti kaisoma tezi yenyewe kwenye kioo. Mkikuta imebadilika msipigane na mtu, inakuwa imeonekana vizuri zaidi.

Uzi wa saa kumi na mbili wallahi naomba kila dokta anayekata ausome huo ujumbe. Kikija bila uzi na kingo moja ina ugonjwa siwezi kumwambia arudie kukata wapi. Tunapaka wino kwenye kingo kabla ya kukikata, alafu kwenye kioo nikikuta kansa imegusa wino ina maana imebaki kwa mgonjwa. Kikija vipande vitano vimechanika chanika hapo hata wino haukusaidii.

---

Mkombozi_Tiba

Mnahangaika na mionzi inaunguza watu, majani ya mstafeli na unga fulani siku 21 mama anapona, nitafute pembeni.

---

Mama_Wawili

Mkombozi kaa mbali na huyo binti. Wodini nililala karibu na mama aliyekunywa huo mstafeli wako miezi minane akiwa na steji ya kupona. Wewe hukuwepo kumsikia usiku.

---

Kijana_wa_Tandale

Mimi nina swali la pembeni, binti yangu ana miaka 11, shuleni wameleta fomu ya chanjo ya HPV, mama watoto anaogopa amesikia inazuia kuzaa. Na ni sindano ngapi?

---

Kioo_na_Lenzi

Moja tu siku hizi. Ilipoanza nchi nzima 2018 ilikuwa kwa wa miaka 14 na dozi mbili, tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Haizuii kuzaa. Kinachozuia kuzaa ni mimi kuletewa kizazi cha binti wa miaka 29 kwenye ndoo. Aina mbili za kirusi, 16 na 18, ndo zinabeba karibu asilimia 70 ya kansa hizi, na chanjo inazikinga zote mbili. Saini fomu mkuu.

---

Msichana_wa_Kimara

Mrejesho wakuu. Barua nimeandikiwa, nikaenda maabara moja kwa moja kama Fundi alivosema, kaka mmoja akanitolea dakika kumi tu, sijaombwa hata mia. Bloku mbili na vioo vitatu. Kumbe ni vidogo hivi. Nimeangalia kile kidoa kwenye nta kwa muda mrefu nikiwa nimekaa kwenye benchi. Mama jana aliniuliza "wameona nini humo", nikamwambia mama wamekuona wewe, wanataka wakuone vizuri.

Altrasaundi ya figo imetoka safi zote mbili. Ocean Road ni Jumatatu, saa moja asubuhi nataka tuwe pale. Sa hivi niko kwenye mwendokasi nimebanwa, bahasha iko kifuani, jua la saa nane. Fundi, hizi bloku haziyeyuki?

---

Fundi_Nta

Hiyo nta inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 56 hivi na kuendelea, kwaio kifuani kwako haiyeyuki labda uwe unaungua wewe kwanza. Ila usiiache juu ya dashibodi ya gari limefungwa vioo, na usiweke juu ya friji wala karibu na jiko. Kabati la nguo linatosha. Vioo usivilalie, vifunge na khanga. Na jina la mama na namba kwenye bloku vifanane na kwenye ripoti, angalia sasa hivi kabla hujafika Kimara.

---

Msichana_wa_Kimara

Nimeangalia. Zinafanana.